Redio Isiyofika Biryogo

"Bado," alisema Kiprotich. "Ishikilie hapo hapo, Madam. Usiinamishe."

Mukunde alikuwa ameinua mti wa alumini wenye antena ndogo nchani, mikono yote miwili juu ya kichwa kama mtu anayeanika blanketi zito. Mabega yalikuwa yameanza kumuuma. Kiprotich alikuwa amechuchumaa kando ya gari, kipima mawimbi magotini, akisoma namba na kuzungumza nazo kwa sauti ya chini. Nyuma yao ulikuwa ukuta wa hospitali ya Kibagabaga, na mbele yao safu ya nyumba zenye mageti marefu.

Askari wa geti moja alikuwa amesogea polepole mpaka akawafikia.

"Munatafuta mtandao?" aliuliza. "Hapa mtandao iko mzuri. Hakuna haja ya kuinua mikono hivyo."

"Tunatafuta redio," alisema Kiprotich bila kuinua uso.

"Redio? Mtu mzima kama wewe hana redio kwa simu?"

"Ninayo. Lakini simu haiwezi kunieleza redio inafika hapa ikiwa na nguvu kiasi gani." Aliigonga ile mashine kwa ukucha. "Sawa. Shusha, Madam. Redio Umurishyo inafika hapa kwa nguvu kuliko siku nilipoipima mara ya kwanza."

Mukunde alishusha mti na kuuegemeza garini. Alikuwa mwanamke wa makamo, amelelewa Karagwe upande wa Tanzania, na kazi hii ya upelelezi hakufundishwa na mtu. Aliianza kwa kufuatilia mizigo ya wafanyabiashara iliyopotea njiani, akajifunza hatua kwa hatua, na alichojifunza kwanza ni kutojibu haraka.

Safari hii kilichopotea hakikuwa mzigo. Mutsinzi, fundi mitambo wa Redio Umurishyo, alikuwa mahabusu tangu wiki iliyopita. Mmiliki wa redio hiyo, bwana Gakwaya, alikuwa amemshtaki kwamba alijifungia katika chumba cha mitambo akapunguza nguvu ya kurusha matangazo, tena kwa makusudi, wakati kampuni ya utafiti ilipokuwa inapita nyumba kwa nyumba kuwauliza watu wa Kigali wanasikiliza redio gani. Matokeo yalipotoka, Umurishyo iliyokuwa ya tatu mjini ilikuwa imeporomoka karibu na mkia. Wenye matangazo ya biashara wakahama, watangazaji wakapunguzwa, na mtu mmoja akatiwa ndani. Kesho asubuhi hakimu angeamua kama Mutsinzi arudi kwake kusubiri kesi au abaki mahabusu. Akibaki, miezi ingepita kabla ya mtu kumkumbuka. Trinah, wakili wake, ndiye aliyemkodi Mukunde, naye Mukunde akamtafuta Kiprotich, Mkenya aliyeipima redio hiyo siku ilipozinduliwa na ambaye bado alikuwa na vipimo vya zamani.

"Nieleze kama unamweleza mtoto," alisema Mukunde. "Mtu akipunguza nguvu kule kwenye mitambo, inakuwaje?"

"Ni kama koki kubwa ya nje ya nyumba. Ukiifunga nusu, jikoni na bafuni maji yanapungua pamoja. Hayachagui."

"Na hapa hayakupungua."

"Hapa yamezidi. Ila labda waliirekebisha baada ya Mutsinzi kukamatwa."

"Labda." Aligeuka kumtazama yule askari, ambaye hakuwa na nia ya kurudi getini kwake. "Kaka, hapa watu wanasikiliza Umurishyo?"

Askari alicheka. "Nani? Bosi yangu anaangalia televisheni. Kwa gari anasikiliza simu yake. Hii nyumba yote, redio iko mbili: yangu, na ya dada wa jikoni. Mimi ni mpira. Dada ni mahubiri tangu asubuhi mpaka anakausha vyombo."

"Wale watu wa utafiti walikuja kwako?"

"Walikuja. Waliuliza mimi na dada. Bosi hawakumukuta."

Mukunde alimshukuru, akapanda garini.

Biryogo waliingia kwa miguu, maana uchochoro wenyewe haukuwa na nafasi ya gari na haukuwa na haja nalo. Fundi Hamduni alikuwa na vyerehani vinne kwenye baraza, na juu ya mlango, kwenye kibao, redio moja iliyounganishwa kwa waya na spika iliyoning'inia nje. Spika hiyo ndiyo iliyokuwa redio ya uchochoro mzima. Kinyozi wa upande wa pili aliisikiliza, mama wa chapati aliisikiliza, na waliokaa barazani kusubiri suruali zao waliisikiliza pia, wapende wasipende.

"Fundi," alisema Mukunde baada ya salamu, "tuwekee Umurishyo kidogo."

"Dada yangu, nimekukosea nini?" Hamduni alisimamisha cherehani. "Haya. Sikia mwenyewe."

Aliizungusha redio. Spika ilikoroma. Ndani ya mkoromo ule kulikuwa na mtu anayezungumza mbali sana, kama aliyefungiwa ndani ya pipa.

"Hiyo ndiyo sauti yao siku hizi," alisema Hamduni. "Mtu anakaanga vitunguu. Tulivumilia. Unajua sisi hapa ndio tuliokuwa watu wao, saa yao ya Kiswahili ilikuwa yetu kabisa. Mtu akifiwa Biryogo tunasikia pale kwanza. Lakini huwezi kushona siku nzima huku unakaangiwa vitunguu sikioni."

"Wale wa utafiti uliwaambiaje?"

"Ukweli. Kwamba siku hizi siisikilizi. Wakamuuliza kinyozi, wakamuuliza mama wa chapati, wakauliza wateja. Jibu lilikuwa hilo hilo, kwa sababu redio ni hii hii. Mimi nikizungusha, uchochoro wote umezunguka."

"Lini ilianza kukaanga?"

"Jumamosi ya umuganda, mtaa wote tukiwa kwenye usafi, ule wa mwisho kabla ya utafiti."

"Una hakika ni siku hiyo?"

"Mimi?" Hamduni alimgeukia kinyozi ng'ambo ya uchochoro. "Wee kinyozi! Ile siku Umurishyo ilikata tulikuwa wapi?"

"Kwenye mfereji," kinyozi alijibu bila kuondoa wembe kwenye shingo ya mteja. "Wewe ulikuwa unashika ufagio kama unashika bibi harusi."

"Umesikia. Tulikuwa pale chini na mafagio na majembe, redio nimeiacha inaimba. Ikanyamaza. Haikukoroma, ilinyamaza kabisa. Ikakaa kimya mpaka umuganda umekwisha na mkutano umekwisha. Iliporudi, ndiyo ikarudi na vitunguu vyake. Wale wa utafiti walikuja wiki iliyofuata."

Kiprotich alikuwa amekwisha kupima. Alimwonyesha Mukunde namba, kisha akaziweka kando ya zile za zamani. Hazikuwa za kulinganishwa.

"Na mshukiwa wangu ni yule pale," alisema, akinyoosha kidole kwenye jengo jipya la ghorofa lililosimama upande wa bondeni, bado na magogo ya ujenzi kiunoni. "Madam, zege na nondo. Mlingoti wa Umurishyo uko Rebero, ng'ambo ile. Jengo limesimama katikati ya redio na uchochoro. Kesi imekwisha, twende tukale."

"Kuna redio nyingine inayorusha kutoka kilima hicho hicho?"

"Zipo."

"Tafuta moja inayorushia jirani kabisa na mlingoti wa Umurishyo."

Aliitafuta. Spika ya Hamduni ikatoa sauti ya mwanamke akisoma bei za viazi na nyanya, safi kama yuko barazani nao. Kipima mawimbi kilisema vivyo hivyo.

Kiprotich alikuna kidevu. "Basi jengo liachiwe huru."

"Nguvu haikupungua kwenye mitambo, maana Kibagabaga imeongezeka. Jengo halizuii, maana jirani yake anapita. Kimebaki nini?"

Kiprotich alilitazama lile jengo mara nyingine kana kwamba limemsaliti. Kisha akanyanyua uso kuelekea Rebero, ambako milingoti ilionekana kwa mbali kama sindano zilizochomekwa kilimani.

"Antena zenyewe," alisema polepole. "Kule juu kuna vibao, kila kibao kinatazama upande wake. Siku ya uzinduzi niliviona mwenyewe, viwili vilitazama huku. Mtu akivigeuza vitazame Kibagabaga, huku panakufa na kule panashiba. Nguvu yote ipo, Madam. Imehamishwa tu."

"Na kufanya hivyo lazima mitambo izimwe?"

"Asipoizima atachomwa akiwa juu. Redio itanyamaza muda wote atakaokuwa kule."

Mukunde alimpigia simu Trinah papo hapo. "Muulize Mutsinzi Jumamosi ile ya umuganda alikuwa wapi. Na muulize kama amewahi kupanda ule mlingoti, au kuomba kuupanda."

Jibu lilimkuta njiani kwenda Rebero. Trinah alizungumza haraka, kama mtu aliyesimama nje ya mlango wa kituo cha polisi. Mutsinzi alikuwa kwao Kicukiro, akizibua mfereji na majirani, na baada ya hapo alikaa kwenye mkutano wa umudugudu, yaani wa mtaa wao, mpaka mwisho. Mlinzi wa mitambo ndiye aliyemwambia Jumatatu kwamba umeme ulikatika. Tangu wiki hiyo alimwendea Gakwaya mara nyingi kumwambia kwamba upande wa Nyamirambo na Biryogo umeharibika, akaomba ruhusa ya kupanda aangalie antena. Kila mara aliambiwa asubiri.

"Sasa hilo hilo wanalitumia," alisema Trinah. "Gakwaya ameandikisha kwamba fundi alikuwa na hamu isiyo ya kawaida na mlingoti. Mama Mukunde, usiniletee maneno matupu. Hakimu huyu anataka mtu asimame mbele yake aseme nimeona."

Mlinzi wa Rebero hakuwafungulia. Hakuwa mkali; alisema tu kwamba bila neno la bwana Gakwaya hata ndege asitue pale. Walizunguka uzio kwa nje. Kiprotich alitoa darubini, akakaa nayo muda mrefu.

"Shika," alisema. "Angalia pale vibao vilipofungwa sasa. Bolti zinang'aa. Halafu zunguka upande wa Biryogo, kimo hicho hicho. Unaona alama mbili?"

Mukunde aliziona. Mlingoti wote ulikuwa umechakaa kwa mvua na vumbi, isipokuwa mahali pawili ambapo rangi ilikuwa safi, kama ngozi iliyokuwa chini ya saa ya mkononi.

"Nipe dakika nipige picha," alisema Kiprotich. "Ingawa kwa simu hii, hakimu ataona mti na mawingu."

Chini kidogo ya uzio mwanamke mmoja alikuwa anachambua maharage kwenye mkeka, mbele ya nyumba ya matofali. Alikuwa amevaa kofia ya njano iliyopauka, na juu ya kofia hiyo, kwa herufi nyekundu, kulikuwa na jina la Redio Umurishyo. Mukunde alimwendea, akasalimia kwa Kinyarwanda. Mwanamke akamjibu kwa Kiswahili, akiwa amekwisha kumsikia akizungumza na Kiprotich.

"Karibu. Mimi ni Illuminée. Kiswahili nilijifunza Bujumbura, kile cha sokoni. Kaeni. Maharage hayaumi."

Mukunde alikaa, akachukua konzi moja akaanza kuchambua naye. "Mama, umuganda ule redio iliponyamaza, hapa mlifanya kazi gani?"

"Kukata majani. Hapa hapa, kuzunguka hii waya. Umudugudu yote ilikuwa hapa, na chef wetu, mkubwa wa mtaa."

"Kuna mtu alipanda kule juu?"

Illuminée aliguna. "Iko watu wawili walipanda, na kamba. Wa tatu alibaki chini, anaongea na simu. Viatu nyeupe." Aliacha kuchambua kidogo ili Mukunde avione vile viatu vizuri akilini. "Umuganda, na viatu nyeupe. Sisi tulicheka mpaka chef alituambia tunyamaze. Chef alimufuata, akamupatia jembe. Yeye akasema ana kazi ya haraka, hii redio ni yake. Gari yake ilifika mapema sana, kabla barabara hazijafungwa kwa umuganda."

"Ulimfahamu?"

"Monsieur Gakwaya? Nitakosaje kumufahamu?" Aliigusa kofia. "Siku ya kufungua redio, alikuja na wanamuziki, akatupatia kofia kwa mikono yake. Alinivalisha mimi, watu wakapiga picha. Ile siku ya umuganda alipita hapa karibu, niko na kofia yake kwa kichwa, hakunitazama."

Kiprotich alitazama pembeni. Mukunde aliendelea na maharage.

"Kuna kijana anaitwa Mutsinzi," alisema. "Fundi wa mitambo hii. Amefungwa kwa sababu ya kazi ile uliyoiona. Kesho saa tatu yuko mahakamani. Ungekuja ukasema maneno haya haya, hata bila kuongeza moja, angeweza kurudi nyumbani."

Mikono ya Illuminée ilisimama. "Mutsinzi ni ule mwenye moto ya umeme? Anapita hapa anasalimia. Ananitengenezea taa." Kisha akanyanyua macho kuutazama mlingoti, kwa namna mtu anavyomtazama mwenye nyumba. "Maji yangu yanatoka ndani ya ule uzio. Mlinzi ananifungulia asubuhi na jioni. Akiambiwa asifungue, nakwenda kuchota chini kabisa, na mguu yangu hii."

"Nimeelewa."

"Sikusema sitakuja. Nimesema nitafikiri. Pita kesho asubuhi."

"Na chef wenu?"

"Chef atasema kile nitakachosema mimi, kama mimi nitasema wa kwanza. Wewe hujamufahamu bado."

Ofisi ya Gakwaya ilikuwa Kicukiro, ghorofa ya pili, na nusu ya meza za nje zilikuwa hazina watu. Mwenyewe aliwapokea vizuri. Alikuwa amekulia Kampala, akaishi Dar es Salaam miaka ya biashara yake ya kwanza, na Kiswahili chake kilinyooka.

"Karibu, mama. Wewe ndiye unayemtetea mtu aliyeniua."

"Mimi nauliza maswali tu, bwana. Anayetetea ni wakili. Malalamiko yako yanasema Mutsinzi alipunguza nguvu akiwa ndani ya chumba cha mitambo."

"Ndivyo. Chumba kina ufunguo, na ufunguo alikuwa nao yeye."

"Mlingoti haukuguswa?"

"Mlingoti haujaguswa tangu tuusimamishe."

"Una hakika na hilo?"

"Liandike, mama, kwa wino mzito."

Mukunde hakuandika. "Jumamosi ya umuganda kabla ya utafiti, redio ilinyamaza asubuhi nzima."

"Umeme." Gakwaya aliinua mabega. "Nami nilikuwa kitandani. Siku ya umuganda mji huu hauna mtu, mama. Barabara tupu, hata mbwa hapiti. Ni siku nzuri kuliko zote ya kulala."

Mukunde aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Biryogo wanasema redio yako haifiki tena."

"Biryogo." Alitabasamu kama mtu aliyetajiwa ndugu anayeombaomba. "Watu wazuri. Wanasikiliza sana. Wanasikiliza, wanapiga simu, wanatuma salamu, wanazika, wanaoana hewani. Hawanunui kitu. Nikipeleka tangazo la bima pale, nani atakata bima? Cherehani? Redio haiuzi sauti, mama. Inauza masikio, na masikio hayana bei moja."

"Ya Kibagabaga yana bei."

"Kila mwenye redio anayataka. Ni dhambi?"

"Hapana. Ulipata mangapi?"

Kwa mara ya kwanza tabasamu la Gakwaya lilipungua, na chini yake kulikuwa na uso wa mtu aliyechoka sana.

"Nilipotoka kwao asubuhi hii," alisema Mukunde kwa upole, "niliambiwa mwenye gari anasikiliza simu. Mwenye redio ni askari wa geti na msichana wa jikoni. Mmoja ana mpira, mwingine ana mahubiri."

"Unataka nini?"

"Ruhusa. Fundi wangu huyu apande mlingoti akague antena."

"Kesho. Saa nne asubuhi mje, nitampigia mlinzi."

"Mahakama inaanza saa tatu."

"Basi mtapanda mkitoka mahakamani." Alisimama kuwafungulia mlango, adabu zake zote zikiwa zimerudi. "Na mpe pole wakili. Bado msichana mdogo."

Ndani ya gari Kiprotich hakuwasha injini mara moja. "Kwa nini umemwambia tunataka kupanda? Sasa amejua tulichokiona."

"Amejua tunachokitaka. Tulichokiona hakijui, na mama Illuminée sikumtaja."

"Atavigeuza usiku huu."

"Nataka kuona kama atasubiri usiku. Twende Biryogo."

"Biryogo tulishapima."

"Mara moja. Mimi napima kila kitu mara mbili."

Hamduni hakufurahi kuwaona wakirudi na kuomba tena Umurishyo. Aliwawekea kwa masharti kwamba chai ni juu yao, kwa wote waliokuwa barazani. Spika ikaanza kukoroma. Kinyozi akauliza ni kosa gani uchochoro umetenda. Mama wa chapati akasema akikaangiwa vitunguu tena na redio ataomba na yeye alipiwe mafuta. Kiprotich aliinua mti wa alumini, safari hii mwenyewe, akapima, na namba zilikuwa zile zile za asubuhi. Mukunde alikunywa chai yake macho yakiwa Rebero.

Glasi ya pili ilikuwa nusu wakati mkoromo ulipokatika.

Haukufifia. Ulikatika. Barazani palikuwa kimya kiasi kwamba cherehani cha Hamduni kilisikika peke yake, naye akakisimamisha.

"Imekufa kabisa sasa," alisema.

"Usiiguse, fundi," alisema Mukunde. "Tafadhali."

Walisubiri. Wateja waliondoka na suruali zao, wengine wakaja. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha kupita zamani na jua lilikuwa limeinamia upande wa mlima Kigali. Kwa mbali milingoti ya Rebero ilikuwa imeanza kung'aa upande mmoja. Kutoka hapo mtu hakuweza kuona kama kuna aliyening'inia juu ya mmoja wao. Kiprotich alijaribu kwa darubini, akatikisa kichwa. Mbali mno, na mwanga ulikuwa mbaya.

Kisha spika ilipasuka kwa muziki. Ngoma, gitaa, sauti ya mwanamke, yote safi, karibu, kana kwamba bendi imejibanza nyuma ya mlango wa Hamduni. Kinyozi alipiga makofi. Mama wa chapati aliinua mwiko na kuzunguka nao mara moja, akacheka, akarudi kwenye kikaango. Uchochoro wote ulikuwa unatabasamu.

"Soma," alisema Mukunde.

"Kama siku ya uzinduzi," alisema Kiprotich, macho kwenye kipima mawimbi. "Madam, kama siku ile ile. Amevirudisha. Na Mutsinzi yuko ndani. Tumempata, ulimtega na tumempata."

Wimbo ulishushwa katikati. Sauti ya mtangazaji ikaingia, sauti ya kijana anayesoma asichokiandika.

"Ndugu wasikilizaji wetu wa Biryogo na Nyamirambo. Uongozi wa Redio Umurishyo unawaomba radhi kwa usumbufu mlioupata. Mafundi wetu leo wamemaliza kurudisha mahali pake antena zilizogeuzwa kwa hila na mfanyakazi wetu wa zamani, ambaye sasa yuko mikononi mwa sheria. Tumerudi nyumbani. Tusikilizeni."

Muziki ukapanda tena.

"Ala," alisema Hamduni, akitikisa kichwa. "Kumbe ni mfanyakazi. Wamemfunga mwizi, redio imepona. Mungu amlipe huyo mwenye redio, ametukumbuka."

"Angekatwa mkono," alisema kinyozi.

Kiprotich alikuwa ameacha mdomo wazi. Mukunde aliweka glasi chini bila sauti.

"Ameligeuza na hilo," alisema Kiprotich kwa sauti ya chini. "Kesho vipimo vyetu ni vyake. Atasema, ndiyo, zilikuwa zimegeuzwa, na nimezirudisha."

"Mchana huu amesema mlingoti haujaguswa tangu usimamishwe. Malalamiko yake yanasema chumba cha mitambo. Sasa mbele ya mji mzima anasema antena. Hawezi kuwa na yote mawili." Akamgeukia. "Umelirekodi tangazo?"

Kiprotich aliitazama mashine magotini mwake, kisha simu yake mfukoni, ambayo hakuigusa. "Nilikuwa naangalia namba."

Mukunde hakumlaumu. "Fundi, tangazo kama hilo watalirudia?"

"Watarudia asubuhi, kabla ya habari. Siku hizi wanarudia kila kitu. Hawana watu."

"Basi wewe kesho uko hapa kabla ya habari," alimwambia Kiprotich, "simu imejaa chaji, unarekodi tangu kibwagizo cha redio mpaka mwisho. Ukimaliza unakuja mahakamani. Mimi naanza Rebero kwa mama Illuminée."

"Na kama mlinzi ameshaambiwa asimfungulie maji?"

Mukunde alianza kukunja ule mti wa alumini, kipande ndani ya kipande. Ulikwama kwenye kiungo cha mwisho, akauacha hivyo hivyo.

"Nitabeba ndoo," alisema.

Hamduni alikuwa amerudi kwenye cherehani, mguu wake ukifuata ngoma. Aliwatazama wawili hao, mmoja na mashine yake, mwingine na mti wake usiokunjika, akacheka.

"Sasa ninyi mbona mmenuna? Si ndiyo mliyokuwa mnaitafuta tangu asubuhi?"

"Ndiyo yenyewe," alisema Mukunde. "Iache hapo hapo mpaka kesho, fundi. Usiizungushe."

"Niizungushe ili iweje?" alisema Hamduni, akaongeza sauti.